Steshenari ya Ngamiani isiyokubali kushika akaunti ya viza ya mteja

Katika Jiji la Tanga huduma ya kujaza fomu za viza inapatikana karibu kila mtaa wenye kompyuta na mashine ya kopi, na wanaoitoa ni mchanganyiko wa vijana wenye ujuzi wa kweli na vishoka wanaoishi kwa kuuza matumaini. Steshenari ninayoieleza hapa ipo Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, na ukiitazama kwa nje haina tofauti na jirani zake: inatoa kopi, inapiga picha za pasipoti, inasaidia wanafunzi kuomba mkopo wa elimu ya juu na wahitimu kuomba ajira serikalini. Nilifika hapo nikimsindikiza mpwa wangu, aliyekuwa amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Uingereza, na baadaye nikawapeleka ndugu na majirani. Naipendekeza kwa moyo wote, kwa sababu dada anayeiendesha hakubali hata kidogo kuishika akaunti ya mteja mikononi mwake, na kwa jinsi kanuni zilivyobadilika, hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia kabla ya kumkabidhi yeyote pasipoti yako.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba viza ni karatasi inayobandikwa kwenye pasipoti, na kwamba pasipoti ikisharudi nyumbani, aliyekujazia fomu hana tena la kukufanya. Kwa Uingereza mazoea hayo yamepitwa na wakati. Kadi za plastiki za ukaazi zilifikia ukomo tarehe 31 Desemba 2024, na tangu tarehe 15 Julai 2025 mwombaji mkuu wa viza nyingi za masomo na kazi habandikiwi tena stika; ruhusa yake inakaa kwenye akaunti ya mtandaoni ya serikali ya nchi hiyo. Kila anapotaka kuifungua hutumiwa tarakimu za siri kwa barua pepe au kwa simu, na ni ndani ya akaunti hiyo ndimo inamotolewa namba ya kumthibitishia mwajiri au mwenye nyumba kwamba mgeni huyu ana haki ya kufanya kazi au kupanga. Kwa hiyo kishoka aliyesajili ombi kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa kisingizio cha kumrahisishia mteja, anabaki na ufunguo wa maisha ya mtu aliye ughaibuni, na anaweza kumdai fedha wakati wowote apendao.

Dada huyu alilianza jambo hilo kabla hata ya kuwasha kompyuta. Alimwuliza mpwa wangu, "Mdogo wangu, hiyo barua pepe yako aliifungua nani?" Aliposikia kwamba ilifunguliwa na rafiki wa shuleni, alimtaka afungue nyingine kwa simu yake mwenyewe na kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, na wakati wa kuandika nywila aligeuza kiti akatazama mlangoni. Kisha alimsomea kila swali la fomu, akalieleza kwa Kiswahili, akasubiri jibu na kuliandika kama lilivyotolewa, bila kulipamba. Ada ya viza ya mwanafunzi, ambayo tangu Aprili 2025 ilikuwa pauni 524, pamoja na tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, ililipwa na shemeji yangu kwa kadi yake ya benki moja kwa moja kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Hakuna senti ya ada iliyopita kwenye simu ya steshenari, na uthibitisho wa malipo uliingia kwenye barua pepe ya mwombaji tukiwa bado tumekaa.

Jambo jingine lililonigusa lilihusu taarifa ya benki. Kanuni inamtaka mwanafunzi aonyeshe kwamba fedha za kujikimu zimekaa kwenye akaunti kwa siku 28 mfululizo, na shemeji yangu alikuwa ametunisha salio muda mfupi tu uliopita. Mjini tulikwisha kukutana na bwana mmoja aliyejitolea "kulipanga" salio hilo kwa malipo, na maneno yake yalikuwa matamu mno. Dada wa steshenari alitazama tarehe, akahesabu kwenye kalenda ya ukutani, akatuambia turudi siku zikitimia. Alitueleza pia kwamba waraka wa uongo unatosha kusababisha ombi la Uingereza likataliwe hata kama mwombaji hakujua kuwa ni wa uongo, na kwamba anayebainika kudanganya kwa makusudi anaweza kufungiwa milango kwa miaka 10. Kanada adhabu yake ni miaka 5, na Marekani kizuizi hicho hakina ukomo. Aliyetengeneza waraka huo hafungiwi chochote, anaendelea kutafuta mteja mwingine. Tulisubiri, na nilifarijika kwamba tulisubiri.

Huduma iliyonifanya nimheshimu zaidi, hata hivyo, ni ile ambayo hakuitoza. Mwanzoni mwa mwaka 2026 nilimpeleka mzee jirani yangu aliyetaka kwenda Marekani kumtembelea binti yake. Mzee alikuwa amekwisha kuambiwa na wakala mmoja kwamba atangulize dola 5,000 za dhamana ili ombi lake lisichelewe, naye alikuwa anafikiria kuuza kiwanja. Habari ya dhamana haikutungwa: Oktoba 2025 Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi au biashara anaweza kutakiwa kuweka dola 5,000, 10,000 au 15,000. Uongo ulikuwa kwenye utaratibu, maana dhamana hiyo hailipwi mpaka ofisa wa ubalozi, baada ya usaili, aelekeze ilipwe, tena kwenye mfumo wa malipo wa serikali ya Marekani wala si kwa mtu. Juu ya hayo, tangazo la Rais wa Marekani la tarehe 16 Desemba 2025 liliiweka Tanzania miongoni mwa nchi zilizowekewa vizuizi kuanzia tarehe 1 Januari 2026, na viza za matembezi, biashara, masomo na mabadilishano zikasitishwa kwa Watanzania, isipokuwa kwa misamaha michache na kwa wale ambao viza zao zilikuwa tayari hai. Dada alimfungulia mzee ukurasa wenyewe, akamfasiria aya kwa aya, akamwambia, "Mzee wangu, fedha yako rudi nayo nyumbani. Nikikujazia leo nitakuwa nimekula bure." Hakupokea hata ya kopi.

Nimetaja kisa hiki kwa urefu kwa sababu mabadiliko ya kanuni ndiyo malisho ya vishoka. Kila tangazo jipya linapotoka, wao hulichukua nusu ya kweli na kuishonea nusu ya uongo. Hadi sasa Tanga kuna vipeperushi vya kazi za kuwatunza wazee Uingereza, vikiwa na ahadi ya cheti cha udhamini kwa bei ya kutisha, ilhali njia ya kuajiri watunzaji wapya kutoka nje ya nchi ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Steshenari hii imebandika mlangoni, kwa maandishi makubwa, tangazo la kufungwa kwa njia hiyo, pamoja na maelezo kwamba orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wageni iko wazi kwenye tovuti ya serikali na kwamba wao wako tayari kumtafutia mtu jina la kampuni bila malipo. Kwa bahati nasibu ya Green Card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, kila aliyejaziwa hapo alikabidhiwa siku hiyo hiyo ukurasa wenye namba ya uthibitisho, ambayo ndiyo ya kuangalizia matokeo. Ofisi nyingine ziliificha namba hiyo na kuiuza kwa mwenyewe matokeo yalipotoka, nami naona huo ni wizi usio na jina jingine.

Kasoro zipo, na si ndogo. Kioo cha kompyuta kinatazama benchi la wateja, hivyo aliyekaa akisubiri kopi anaweza kusoma mshahara wa mtu, ugonjwa wake na majina ya watoto wake. Nyaraka zilizoskaniwa zilikuwa zimeachwa kwenye mashine, kila mteja na faili lake. Nilipoomba za mpwa wangu zifutwe zilifutwa mbele yetu bila ubishi, lakini kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hilo halikupaswa kungoja ombi la mteja. Karatasi ya ada iliyobandikwa ndani nayo imechakaa: bado inaonyesha kwamba viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 80, wakati ilipanda kufikia 90 tarehe 11 Juni 2024. Mahali panaposifika kwa usahihi hapapaswi kuwa na karatasi ya namna hiyo. Risiti hutolewa, ila mpaka uiombe.

Bei zao ni za wastani. Fomu ndefu kama ya masomo Uingereza tulitozwa shilingi 20,000, picha na kopi ni bei ya kawaida ya mjini, na kurekebisha fomu kabla haijatumwa hakuna malipo ya ziada. Wanafungua asubuhi, hufunga kwa ajili ya sala ya Ijumaa na kurejea alasiri. Mtandao hukatika mara kwa mara, kwa hiyo anayekwenda na fomu ndefu ni afadhali awahi. Abebe pasipoti, simu yake mwenyewe yenye laini iliyo hewani, na nyaraka halisi, na zile za Kiswahili, kama cheti cha ndoa, ziwe zimekwisha kutafsiriwa na kuthibitishwa, kazi ambayo hata Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) huifanya. Aliyewahi kunyimwa viza, kufukuzwa nchi fulani au mwenye shauri la familia asiende hapo, na wao wenyewe watamwambia hivyo: ushauri wa namna hiyo kwa Uingereza ni afadhali utolewe na mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa nchini humo, na daftari la washauri hao linasomwa bure kwenye tovuti ya mamlaka inayowasimamia, ambayo dada atakufungulia ukimwomba.