Mada yangu ya mashushushu imekuwa kifungio cha karanga

Niwatendee haki kwanza hawa wa steshenari: kubaindi wanajua. Spairo imekaa sawasawa, kava haijakunjamana, kurasa zote zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Ingekuwa shida yangu ni hiyo, ningewapa nyota tano nikaenda zangu kunywa kahawa. Shida yangu ni karanga.

Wiki kadhaa nyuma nilipeleka flashi kwenye steshenari moja huku Ngamiani, jina nawafichia, wenyewe wakisoma watajijua. Ndani yake mlikuwa na mada niliyoihangaikia miezi, historia ya polisi wa siri duniani, kwa ajili ya wazee wenzangu wa barazani. Ualimu nimestaafu lakini ugonjwa wa kufundisha haujanitoka. Yule kijana wa kaunta akafungua faili, akaanza kusoma. Sisemi kutazama, nasema kusoma, midomo inacheza. Duka limejaa watu. Ghafla akauliza kwa sauti ya mnada:

"Mwalimu, samahani, kwani na wewe ni shushushu?"

Duka zima likanigeukia. Mama mmoja aliyekuja kutoa fotokopi ya hati zake za kiwanja akazipindua kifudifudi pale kaunta, polepole, huku ananiangalia. Miaka yote naishi Tanga sijawahi kuangaliwa vile.

Mara mashine ikakwama. Kurasa sita zikatoka zimekunjika na madoa ya wino, akazitupia kwenye boksi chini ya meza. Nikamwambia, mwanangu, hizo zichane. "Usijali mzee, hizo takataka tu."

Siku mbili tatu baadaye napita bustani ya Uhuru, nanunua karanga. Nakunjua kikaratasi nimwage kiganjani, nakutana na Erich Mielke, amelowa mafuta na chumvi. Ukurasa wangu! Mielke ndiye aliyeiongoza Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, kuanzia 1957 hadi 1989, na mwishoni alikuwa na waajiriwa kama 91,000, mbali na watoa habari, ambao walikuwa wengi kuliko hao: mwalimu, jirani, hata mke wa mtu. Mstari wa mwisho niliouona chini ya maganda ulihusu utawala ule ulivyoanguka. Maofisa walikimbilia kuharibu mafaili, mashine za kuchania zikaelemewa, wakachana kwa mikono. Wananchi walipovamia makao makuu Januari 15, 1990, na hata baada ya hapo, yakapatikana magunia ya vipande kwa maelfu, na miaka mingi watu wamekaa wakiunga kipande kwa kipande. Sasa nikajiuliza palepale njiani: hao wenye siri za nchi nzima walichana mpaka vidole vikawauma, huyu wetu hata mara moja imemshinda?

Nikarudi nikiwa nafuka moshi. Kijana akanisikiliza, wala hakutetemeka. "Shikamoo mwalimu. Yule muuza karanga ni mama yangu mdogo, karatasi mbovu huwa nampa bure." Nikashika kaunta nianze hotuba. Akanikatiza: "Halafu nilitaka kukuuliza. Ukurasa wa 9 umeandika Cheka ilianzishwa 1917, ukurasa wa 31 umeandika 1922. Nishike ipi?"

Nikaishiwa maneno. Cheka ni polisi wa siri wa Urusi ya Kikomunisti, na sahihi ni Desemba 1917, chini ya Dzerzhinsky. 1922 ni mwaka walipoibadilisha jina ikawa GPU, baadaye zikaja NKVD na KGB, majina yanapokezana na jengo lao la Lubyanka kule Moscow ni lilelile. Nilichanganya mimi. Kijana akarekebisha, akaprinti upya, hela hakuchukua. Nimefundisha historia miaka mingi, sikumbuki mwanafunzi aliyesoma kazi yangu kwa makini kiasi kile. Nikatoka nimeshampa nyota nne moyoni.

Nilipofika nyumbani zikashuka. Kwani nilimtuma asome? Gestapo ile ya Hitler iliyoanzishwa 1933, watu wanadhani ilikuwa na macho kila kona, kumbe kazi kubwa ilifanywa na majirani wenye barua zao za umbea: huyu kasema hivi, yule kasikiliza redio ile, na chini yake ni ugomvi wa ua au wivu. Kijana mmoja mdadisi kaunta, duka limejaa, inatosha kabisa. Ushahidi? Barazani sasa naitwa Usalama. Nikifika, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya samaki.

Na nakala yenyewe nayo ina vituko. Mzee mwenzetu mmoja anakumbuka vizuri Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa wapigania uhuru wa Msumbiji, alipouawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilicholetwa kama kifurushi, na lawama nyingi zikaelekezwa kwa PIDE, polisi wa siri wa Ureno. Nilipomkabidhi mada yangu ndani ya bahasha ya kaki, aliifungua kwa vidole viwili, amegeuza uso upande wa pili.

Nyota tatu basi. Au mbili, moja ya spairo na moja ya ule mwaka wa Cheka. Karatasi zako ukizipeleka pale, mbovu dai uondoke nazo mwenyewe.

Kati ya zile sita nimeshapata nne, na tumbo langu halitaki tena kusikia karanga. Bado ukurasa mmoja wa Okhrana, polisi wa siri wa wafalme wa Urusi, na ule wa Idi Amin na jengo lake la Nakasero, makao ya idara aliyoipa jina la upole la utafiti, watu wakiingia hawatoki mpaka majeshi yetu yalipofika Kampala Aprili 1979. Ukinunua karanga pande za bustani ya Uhuru, usitupe kifungio kabla hujakikunjua.