Kliniki ya watoto isiyokimbilia dawa: nyota nne

Ukitaka kliniki itakayokupa jibu kwa nusu saa, hii haitakufaa. Mimi nimeipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Mwanangu ana miaka 8, na shuleni lawama ni ile ile: hatulii, hamalizi kazi. Daktari hakumwita mtukutu. Alieleza kwamba ADHD, yaani tatizo la mtoto kushindwa kuzingatia na kutulia, haina kipimo cha damu wala picha ya ubongo ya kuithibitisha. Lazima dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, na zionekane zaidi ya mahali pamoja. Ndiyo maana fomu zilikuwa mbili, yangu na ya mwalimu. Mwalimu aliandika kwamba huanza zoezi vizuri, akifika swali la tatu penseli imeshageuka gari. Niliposoma hapo nilijua wanamzungumzia mwanangu hasa.

Walimpima macho na masikio pia, wakauliza analalaje, maana mtoto asiyesikia vizuri au anayekosa usingizi naye huonekana hazingatii.

Matibabu yalianza na sisi wazazi: agizo moja kwa wakati, na sifa papo hapo. “Vaa viatu.” Akishavaa, ndipo “chukua begi.” Wapo watakaoona haya ni madogo, kwetu asubuhi zimebadilika kabisa. Dawa, methilifenideti, ilifuata kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu. Aina aliyopewa hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hivi, na kwa kuwa hupunguza hamu ya kula, anakunywa baada ya kifungua kinywa. Kila tukirudi muuguzi anampima uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na hajawahi kuruka hata kimoja.

Simu ndiyo inayowaangusha. Mtoto alipoanza kukosa usingizi nilipiga mpaka nikachoka, nikajibiwa kesho yake. Wakasogeza dozi ya pili ya siku mapema, akalala. Lakini mzazi aliyeanza kumpa mwanawe dawa mpya hastahili kukesha na wasiwasi hivyo, na nyota ya tano nimeizuia kwa hilo.

Ukienda, beba madaftari ya mtoto. Yetu daktari aliyapekua ukurasa kwa ukurasa, akanionyesha hesabu sahihi juu na zilizoachwa nusu chini. Fomu ya mwalimu nayo uifuatilie mapema, bila hiyo hawaendelei.