Walinifutia kompyuta "mara 35" kabla jua halijazama

Risiti ninayo hapa, ina muhuri na sahihi: "Kufuta data kwa usalama, mara 35." Kompyuta tatu, dola kumi kila moja. Nilizipeleka asubuhi kwenye karakana moja hapa katikati ya Lubumbashi (jina silitaji, wenyewe watajijua), na jua halijazama nikapigiwa simu: Mama, njoo uchukue. Mimi si fundi, lakini kuzidisha najua. Diski ya zamani ya GB 500, kuiandika sufuri juu ya yote yaliyomo, ndiko kufuta kwenyewe, mara moja tu kunakula kama saa moja na nusu. Mara 35 ni siku mbili na ushee, usiku na mchana, tena katika mji ambao SNEL, shirika letu la umeme, haikati umeme. Mnaoujua mji huo mnielekeze.

Nina sekretaria ya mtaani. Watu wanakuja kupigisha barua, kuskani vyeti vya watoto, kutoa kopi ya kadi ya uchaguzi, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho pekee walicho nacho. Yote hayo yamepita kwenye mashine zile kwa miaka. Nilitaka kuzitoa kwa shule ya parokia, upande wa Katuba hapahapa mjini, watoto wajifunze. Kompyuta nawapa kwa moyo mweupe, siri za wateja wangu siwapi.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya kompyuta, ndiye aliyeguna alipoiona ile risiti. Akachomoa diski moja, akaiunga kwa waya wa USB kwenye laptop yake, akafungua PhotoRec, programu ya bure ya kufufua faili zilizofutwa, ambayo yeyote anaweza kuipata. Folda ikaanza kujaa. Majina ya faili yalikuwa yamepotea, zimebaki f na tarakimu tu, lakini vilivyomo vizima! Ya kwanza kufunguka ilikuwa kadi ya uchaguzi ya mama mmoja anayeuza samaki, uso wake wazi kabisa, na tarehe ya kuzaliwa. Baada yake barua ya baba mmoja kwa wakwe zake kuhusu mahari ambayo hayajaisha kulipwa. Ile barua niliipiga mimi, mwenyewe ameegemea meza ananisomea kwa sauti ya chini wasimsikie waliopanga foleni. Nikamwambia kijana funga, funga.

Kumbe waliformati kwa haraka, basi. Hiyo inaondoa orodha ya faili tu. Faili zenyewe zinabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Na hizo mara 35 ni mambo ya 1996, ya mtaalamu Peter Gutmann, kwa diski za enzi zile. Yeye mwenyewe baadaye alisema diski za kisasa hazina haja nayo. Mara moja ingetosha, mradi ifanyike kweli. Yaani walidanganya hata pasipo na sababu ya kudanganya.

Nikarudi. Kijana wa mezani hakuinua macho kwenye simu yake. "Mama, tulishaka kufuta byote." Nikamfungulia laptop, nikamwonyesha. Akatazama, akacheka mbele ya wateja: "Sasa Mama, batu ba Katuba batajua kufanya bile?"

Nimezaliwa Katuba. Huyo aliyezifufua hizo faili analala Katuba. Nikamwambia nchi hii ina Sheria ya Kidijitali tangu Machi 2023 na data za watu zimetajwa humo. Akaniambia basi niende kushitaki. Mtoto wa kaka akajaribu kunituliza, eti hata Marekani ni hivyohivyo: wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha MIT walinunua diski kuukuu 158, matokeo yakatoka 2003, na katika 129 zilizokuwa bado zinafanya kazi, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Sikutulia. Hao wa Marekani hawakunicheka.

Kelele zangu ndizo zilizomtoa Papa mwenye duka chumba cha nyuma. Na hapa lazima niseme haki. Hakubishana. Mashine mbili zenye diski za kuzunguka aliziwashia nwipe, programu ya kufuta diski, kutoka kwenye flashi. Umeme ukakatika katikati, akawasha jenereta, akaanza upya. Ya tatu ina SSD, diski ya chipu isiyozunguka, akakataa kuitumia programu ileile: alisema SSD inaamua yenyewe pa kuandika, na kuna sehemu za akiba ambazo programu ya nje haizifikii, kwa hiyo inapewa amri yake ya ndani ijifute. Kisha akaniambia nichague popote kwenye diski tuangalie. Nikachagua mwanzo, katikati, karibu na mwisho. Sufuri, sufuri, sufuri. PhotoRec haikuokota kitu. Hakunidai hata franka.

Kwa kazi ile ya Papa ningetoa nyota tano, na mashine zimeshafika shuleni. Nne basi, kwa sababu ya kelele. Lakini muhuri wa kwenye risiti ni wa nani kama si wake? Ni wangapi wameondoka na karatasi ya "mara 35" wakaenda kugawa kadi za watu bila kujua? Mbili. Na kijana bado anakaa mezani palepale, nimemwona juzi nikipita. Moja.

Mkilazimika kwenda, mwulizeni Papa mwenyewe, na kazi ifanyike mkiwa mmesimama hapo. Walinipigia wakiomba niwarudishie ile risiti ya kwanza waniandikie nyingine. Wataingoja sana.