Wahafidhina Kati ya Soko Huria na Mkono wa Serikali
Ni kosa kudhani kwamba uhafidhina, yaani siasa ya kulinda mila na taratibu zilizopo, na soko huria, yaani biashara isiyoingiliwa na serikali, ni kitu kimoja. Kansela Otto von Bismarck, mhafidhina wa kweli, ndiye aliyeiletea Ujerumani sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, ambapo mfanyakazi alichangia theluthi mbili na mwajiri theluthi moja, akitumaini kwamba mwenye uhakika wa matibabu hatavutwa na wasoshalisti. Margaret Thatcher, waziri mkuu mhafidhina wa Uingereza, alishika njia nyingine: mwaka 1984 serikali yake iliuza zaidi ya nusu ya hisa za British Telecom, kampuni ya simu iliyokuwa mali ya serikali.

Nguvu ya soko imo katika bei, kwa sababu bei humweleza mzalishaji kinachohitajika. Serikali ya Rais Richard Nixon ilipozuia bei za rejareja zisipande mwaka 1973, gharama ya kulisha kuku ilizidi bei ya kuwauza, na baadhi ya wafugaji Marekani wakazamisha vifaranga kwa maelfu. Hapo serikali ilikosea waziwazi.

Lakini ugonjwa haungoji mtu apate fedha, na katika hilo, kwa maoni yangu, Bismarck aliona mbali zaidi. Hata Thatcher, pamoja na mashirika yote aliyoyauza, hakuiuza huduma ya afya ya taifa.