Almasi ya Mwadui au ya maabara?
Kwa macho huwezi kuzitofautisha: zote ni kaboni, ugumu uleule, mng'aro uleule. Ya mgodi wa Mwadui, Shinyanga, iliumbika kilomita 150 hivi chini ya ardhi, volkano ikaipandisha. Ya maabara huchukua wiki chache tu. Ama kaboni hubanwa kwa shinikizo kubwa kwenye joto linalozidi nyuzi 1,300 za Selsiasi, ama gesi za methani na haidrojeni huvunjwa ndani ya chemba, kaboni ikatua tabaka kwa tabaka juu ya kipande chembamba cha almasi.

Ya maabara ni nafuu mno, ila ukitaka kuiuza tena utapata kidogo sana. Kwa pete ya ndoa ningechukua hiyo, yenye cheti, na fedha inayobaki ilipe kodi ya nyumba.