Mkutano umekwisha AICC, una siku moja Arusha: ununue safari ipi?

Wageni wa mikutano wakifika hapa AICC, Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, swali lao la kwanza ni "Ngorongoro bei gani?" Mimi huwauliza ndege yao inaondoka saa ngapi. Safari za Arusha huuzwa kwa majina makubwa, na mwenye nusu siku akikosea kuchagua ataimaliza yote barabarani akitazama nguzo za umeme. Kwa hiyo nimezipanga kwa saa ulizonazo, umaarufu nimeuweka kando.

1. Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hii ndiyo naisifu bila kusita. Ukipita Usa River unakata kushoto, na chini ya saa moja kutoka mjini uko geti la Ngongongare. Hatua chache ndani kuna uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo, nyati na pundamilia wanakula majani, twiga wanavuka barabara kana kwamba wewe ndiye umewachelewesha. Juu ya miti kuna mbega weusi wenye manyoya meupe mgongoni. Kisha kreta ya Ngurdoto, kisha maziwa ya Momella, ambako heroe huonekana misimu fulani. Na kitu ambacho hifadhi nyingi hazikupi: unaweza kushuka garini ukatembea kwa miguu pamoja na askari mwenye bunduki, Mlima Meru wenye mita zaidi ya 4,500 ukiwa mbele yako. Nenda asubuhi, mchana mlima hujifunika mawingu. Simba hakuna. Akuahidiye simba humo, muage uende zako.

2. Mji wenyewe, kwa miguu. Hii ni ya mwenye saa tatu kati ya kikao na kikao. Kutoka AICC, jengo lililofunguliwa 1978 na baadaye likawa makao ya mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, unashuka Barabara ya Boma. Boma la Wajerumani la mwaka 1900 sasa ni makumbusho ya viumbe na historia ya binadamu. Endelea hadi Mnara wa Mwenge, karibu yake kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa la 1967. Ni madogo, ila picha za 1967 zinatosha kukusimamisha. Viingilio ni vidogo, hata posho ya siku moja haitatikisika. Kwenye Soko la Wamasai punguza bei bila aibu, lakini tanzanaiti nunua dukani penye leseni na cheti.

3. Ziwa Duluti, Tengeru. Ziwa la kreta lililozungukwa na msitu, tulivu sana, linafaa jioni. Wakimbizi wa Poland wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia walikaa Tengeru kuanzia 1942, na makaburi yao bado yapo.

4. Tarangire. Mwendo wa saa mbili hivi, lami. Inataka siku nzima, na thamani yake hasa ni Juni hadi Oktoba, tembo wanaposongamana mtoni chini ya mibuyu.

5. Ngorongoro kwenda na kurudi. Naiweka mwisho, najua nitalaumiwa. Kreta ni ajabu, hilo halina ubishi. Ila unaamka saa 11 alfajiri, unapita Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, na bado kuna kushuka na kupanda kreta. Ada ya gari kushuka hutozwa kwa gari, haitozwi kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wawili inawaumiza, mkiwa sita mnagawana. Ukiweza kulala Karatu usiku mmoja, ipandishe hadi namba moja.

Chemchemi za Chemka sikuzipa namba kwa sababu ziko upande wa Moshi. Ila kama ndege yako ni ya usiku kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni njia ileile: pita ukaogelee, maji ni vuguvugu tu, na epuka Jumapili.

Kabla ya kulipa, omba bei iandikwe: kiingilio cha hifadhi kimo? Chakula cha mchana? Gari ni la kwenu au mnachanganywa na wengine? Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, na ni kidogo mno ukilinganisha na dola za mgeni wa mbali, kwa hiyo beba pasipoti au kitambulisho cha taifa. Niliwahi kumsindikiza mgeni kutoka Kampala aliyeacha pasipoti hotelini. Tulirudi kuifuata, na mbega tukawaona saa 9 alasiri.