Klabu yangu ya mapango Yorkshire: mwaka wa pili sasa, na bado nipo

Karibu na mlango wa nyumba ya klabu yetu pana ubao mweupe. Kabla hujatoka kwenda pangoni unaandika pale majina ya mnaokwenda, pango lenyewe, mnaingilia wapi, gari mmeliacha wapi, na saa ya mwisho. Saa ya mwisho ikipita hamjarudi wala hamjapiga simu, aliyebaki nje anapiga 999, namba ya dharura, anaomba polisi, kisha anaomba waokoaji wa mapango. Hakuna cha kusema tuwangoje kidogo. Mkirudi salama, mnafuta, hata kabla ya kuvua buti.

Novemba ya mwaka wangu wa kwanza tulirudi wanne, tumelowa chapachapa, meno yanagongana. Tukaenda moja kwa moja jikoni kutafuta chai. Hakuna aliyekumbuka ubao, hakuna aliyekumbuka simu. Siku ile aliyekuwa akitungoja ni mtunza kamba wa klabu, bibi wa miaka sabini na kitu anayekaa nyumba chache kutoka pale. Tukasikia mlango. Alikuwa na koti la mvua juu ya nguo za kulalia, simu mkononi, na zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Hakutufokea. Alituhesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, wanne, kisha akaenda kufuta ubao mwenyewe. Nililia usiku ule nikiwa kitandani. Aibu ilikuwepo, sikatai, lakini pia tangu nihamie Uingereza hakuna mtu aliyewahi kukaa macho akinisubiri nirudi.

Naandika haya kwa sababu ndugu zangu wa Leeds na Bradford wananiuliza kila nikiwaonyesha picha: ni salama? Bei gani? Na sisi tunapokelewa? Jina la klabu yangu nitaliacha, maana nina malalamiko pia na sitaki kuwaanika watu. Lakini klabu za namna hii zimejaa Yorkshire, na utaratibu wao unafanana.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Chumbageni. Pango kwangu lilikuwa Amboni, joto, harufu ya popo, na ile sehemu ambayo watu huacha sadaka zao na sisi watoto tunapita kimya. Niliingia mara moja na shule nikatoka nimemshika mwalimu nguo. Kwa hiyo nilipomwambia mama kwa simu kwamba nimejiunga na klabu ya mapango, alinyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, huko kazi zimekwisha?" Kazi ninayo, nahudumia wazee kwa zamu. Nilichokuwa sina ni watu.

Mlango wangu wa kuingilia ulikuwa Gaping Gill, na hata wewe usiyetaka klabu yoyote nakuomba uende. Ni shimo lililo ubavuni mwa mlima Ingleborough, kijito cha Fell Beck kinatumbukia humo. Mfaransa Édouard-Alfred Martel ndiye wa kwanza kufika chini, Agosti 1895, kwa ngazi ya kamba. Siku hizi klabu mbili kongwe zinafunga winchi juu yake mara mbili kwa mwaka na kuwateremsha watu wa kawaida: Bradford Pothole Club, iliyoanzishwa 1933, wakati wa mapumziko ya mwisho wa Mei, na Craven Pothole Club, ya 1929, wakati wa mapumziko ya Agosti. Unatembea kutoka kijiji cha Clapham zaidi ya saa nzima kupanda mlima, unaandikishwa, unavishwa helmeti, unakaa kwenye kiti cha chuma, unafungiwa pao mbele yako, na sakafu inaondolewa chini ya miguu. Unashuka mita 98. Maji mengi ya kijito yanakuwa yamegeuzwa, lakini mengine bado yanaanguka pembeni yako, na ule ukumbi unapofunguka unahisi uko ndani ya msikiti mkubwa uliozimwa taa, mwanga unaingia kwa tundu moja tu la juu. Wana msemo wao wa miaka mingi: kushuka bure, unalipia kupanda.

Kule chini nilipokelewa na mwanamume mwenye tope hadi kwenye ndevu, akatuzungusha kutuonyesha kuta kwa taa yake. Nikamuuliza wanamlipa kiasi gani. Akasema yeye ni mhasibu, amechukua likizo yake ya mwaka, analala kwenye hema pale juu pamoja na wenzake wiki nzima, na halipwi kitu. Nilikaa na jibu lile siku nyingi. Watu wanatumia likizo yao kubeba vyuma mlimani, kutunza mashine na kupika chakula cha wenzao kwenye upepo, ili mimi nisiyewajua nione shimo. Nikaanza kuelewa kwamba ile winchi ndiyo inayoiweka klabu hai. Inawalazimisha wote wakutane, na kila mmoja awe na kazi.

Klabu niliyojiunga nayo ni ndogo kuliko hizo, ina nyumba yake ya mawe huko Dales, kwenye mabonde ya Yorkshire: vitanda vya dabodeka, jiko, chumba cha kukaushia nguo, na stoo ya kamba. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hawajawahi kuisikia methali hiyo lakini wanaiishi. Safari yangu ya tatu bibi mtunza kamba alinikabidhi brashi, akanipeleka kwenye kijito nyuma ya nyumba, tukaosha kamba.

Kuosha kamba kwao ni kitu kizito. Tope la pangoni lina chembe zinazoingia ndani na kuzila nyuzi, kwa hiyo kila kamba ikirudi inaoshwa, inaanikwa kivulini, kisha inakaguliwa kiganja kwa kiganja kutoka ncha hadi ncha. Alinishika mkono akaniambia nifumbe macho. "Macho yanapenda rangi," alisema, "vidole havidanganyiki." Nikawa naipitisha kamba kati ya vidole, taratibu, mita arobaini, na sehemu moja nikahisi pamelegea, kama ndizi iliyopondeka ndani ya ganda lake. Nje haionekani kitu. Akaikata palepale kwa kisu, bila huruma, akafungua daftari. Kila kamba ina namba yake humo, urefu, tarehe ya kununuliwa na safari ilizokwenda. Akaandika urefu mpya, halafu akaandika jina langu kama mkaguzi. Kamba hukatikia pembamba, na mimi ndiye niliyepaona pale pembamba. Tangu siku ile sikuwa mgeni.

Baridi je? Ndani ya mapango ya huku ni takriban nyuzi 8 au 9, kiangazi na kipupwe. Unavaa nguo nzito za ndani, ovaroli juu, buti za mpira. Hatari kubwa ni mvua. Tarehe 24 Juni 1967 vijana sita walikufa kwenye pango la Mossdale, Yorkshire hii hii, maji yalipojaa wakiwa ndani. Mwanachama mpya husimuliwa habari hiyo kabla hajashika kamba, na hapo ndipo unapoelewa ule ubao wa mlangoni. Waokoaji nao ni watu wa kujitolea, Cave Rescue Organisation, iliyoanzishwa 1935, makao yao Clapham, na hawatozi hata senti. Wawili kati ya wanachama wetu wamo katika kikosi hicho. Simu zao zikilia katikati ya chakula, wanainuka na kuondoka, na sahani zao zinafunikwa.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni uchimbaji. Jumanne jioni kikundi kinakwenda kwenye shimo moja dogo shambani, lililoziba udongo na mawe, wanaamini chini yake kuna njia. Wamechimba miaka sita. Wengi wao ni wazee ambao magoti hayawaruhusu tena kushuka mashimo marefu, na klabu haijawaacha waoze nyumbani kwenye makochi. Mmoja anajaza ndoo, tunapokezana mkononi kwa mkononi hadi juu, wa mwisho anamwaga. Ndoo ikiwa inapita watu wanaongea. Kwenye mstari ule nimejua nani amefiwa na mke, binti wa nani amejifungua, nani anangoja majibu ya hospitali. Nami nilipofiwa na baba mdogo nikashindwa kusafiri kwenda mazikoni, niliwaambia hao kwanza, kati ya ndoo na ndoo. Wakasimamisha kazi. Wiki iliyofuata walikuja na chungu cha mchuzi hadi mlangoni kwangu Shipley.

Majira ya baridi, maji yanapokuwa mengi, kuna mengine: mazoezi ya kupanda kamba kwenye boriti ya banda, jioni za picha, wikiendi ya kuziba paa, na kile kibanio chao cha mbao. Hicho ni ubao uliowekwa juu ya ubao, wa juu unashushwa kidogo kidogo kwa skrubu, na wewe unapita katikati kwa tumbo. Mimi nimepita sentimita 20, chumba kizima kikipiga meza. Ukiwa pangoni ukakutana na mwanya mwembamba, mwili wako unajua tayari kwamba unapita.

Sasa malalamiko. Miezi mitatu ya mwanzo safari za wapya ziliahirishwa mara tatu na hakuna aliyeniambia. Sina gari. Mara ya tatu nilisimama stesheni ya Horton in Ribblesdale na begi langu, asubuhi ya baridi kali, hadi treni ya kurudi Leeds ikaja. Niliumia sana. Nilikuwa nimebadilisha zamu mbili kupata siku ile. Nilikaribia kuacha. Badala yake nilisimama kwenye mkutano wa mwaka nikasema yote, Kiingereza changu kikitetemeka, na nashukuru kwamba hawakujitetea. Tangu hapo kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwapigia simu wapya, kila mmoja, jioni ya kabla ya safari, na ubaoni kuna safu ya nani ana nafasi kwenye gari na anapita mji gani. Lakini isingepaswa kusubiri mgeni alalamike. Wangapi kabla yangu walisimama stesheni ile na hawakurudi tena?

Pia vifaa vya kuazima ni vya wanaume wakubwa. Ovaroli ya kwanza nilikunja miguu mara tatu. Na mikutano ya Alhamisi iko baa. Mimi sinywi, na kwa muda mrefu nilikaa na soda yangu nikiona saa inatambaa. Kwa hilo bado hatujafika mahali pazuri, ingawa chakula cha baada ya safari kimehamia kwenye jiko la klabu na sasa nafika mapema kupika mimi. Maharage ya nazi yameshapata wateja.

Kuhusu kupokelewa: mimi ndiye Mwafrika pekee na ndiye Mwislamu pekee. Vijijini nimetazamwa, klabuni sijawahi kutazamwa hivyo. Hijabu naifunga fupi chini ya helmeti, inakaa vizuri kabisa. Mara ya kwanza niliposema nahitaji kuswali, kijana anayechora ramani za mapango alitoa dira yake ya kupimia, tukatafuta kibla pamoja, kusini mashariki, akabandika kipande kidogo cha utepe ukutani kwenye chumba cha juu. Kipo hadi leo, na wanaolala chumba kile hawawekei mizigo mbele yake.

Nasema jambo moja kwa vyama vyetu vya ughaibuni, nami ni mwanachama wa viwili. Tunachangiana misiba, na hilo ni kubwa. Ila kati ya msiba na msiba hatuna ndoo ya kupokezana. Hatuna kamba ya kuosha. Ningependa sana tupate, hata ikiwa ni shamba la mchicha.

Gharama, kwa klabu yangu: pauni 45 kwa mwaka, na bima ya British Caving Association, chama cha kitaifa cha watu wa mapango, unalipa juu yake. Kulala pauni 7 kwa usiku. Helmeti, taa, ovaroli na mikanda ya kamba unaazimwa mwaka wa kwanza, wewe nunua buti za mpira na glavu. Kama una mgongo mbovu anza na mapango ya kutembea, waambie wazi, hawatakucheka. Kama una zamu kama mimi, waulize mapema kuhusu safari za katikati ya wiki. Kati ya nyota tano nawapa nne, na ile moja iko stesheni ya Horton.

Jumamosi hii wanaingia watu saba, wawili wao ni wapya. Safari hii mimi siendi pangoni. Jina langu limeandikwa mahali pa anayebaki nje, na saa ya mwisho ni saa tatu usiku. Simu nimeshaichaji, na maharage nimeyaloweka.